Uniti za Nurdini

Nurdini mnamjua. Kama hamjawahi kukaa naye basi mmewahi kumpita, maana anakaa barazani pale jirani na mashine ya kukoboa mpunga, nyumba ya bati jekundu, msuli umenyooka, anamsalimia kila mpita njia kwa sauti ya mtu anayegombea udiwani. Hagombei chochote. Anataka tu mtu asimame, amsifie nyumba, ili naye aeleze alivyoijenga kwa jasho lake mwenyewe. Mie nilipanga chumba cha uani kwake miaka mingi, nashona nguo kwa cherehani ya miguu, na hiyo habari ya jasho nimeisikia hadi masikio yakaota sugu.

Jasho lenyewe ngoja niwaeleze lilikuwa la nani. Nurdini kazaliwa Salale, huko ndani ya mikoko, na mama yao alifariki yeye bado ananyonya. Baba akaoa kwingine, akahamia Mafia, habari zake zikaishia hapo. Aliyebaki na kile kichanga ni dada yake, Biasha, kigori ambaye hata ungo hajavunja. Binti huyo alijifunza kubanika samaki. Unawapanga juu ya vijiti, chini unawasha kuni za mikoko moto wa taratibu, kwenye kibanda cha makuti kisicho na dirisha ili moshi usitoke. Samaki wanakauka, wanunuzi wanakuja na boti kuwachukua. Biasha alikaa ndani ya moshi ule tangu utoto wake mpaka nywele zikawa nyeupe, na kwa moshi ule Nurdini alivaa, alisoma, akanunuliwa msumeno wake wa kwanza wa kukatia boriti. Boriti zikamleta Kibiti, zikamjengea nyumba. Kwa hiyo mtu akikaa barazani akasema, "Mimi nimejitafuta tangu mdogo," jueni huyo hakujitafuta, alitafutiwa.

Bi Biasha alikuja kukaa kwake alipoanza kubanwa na kifua. Msidhani ndugu aliona huruma. Watu wa Salale walikuwa wameanza kusema, na Nurdini maneno ya watu anayaogopa kuliko dhambi. Daktari wa kituo cha afya alishasema wazi kwamba mapafu ya mama huyu yamechoka, akae mbali na moshi na vumbi. Nurdini akaitikia, "Sawa daktari," akaenda kumpa chumba cha upande wa mashine ya mpunga, ambako mavuno yakianza pumba zinapepea kama nzige, na wakizichoma moshi unaingia dirishani moja kwa moja. Chumba cha upande wa pili kilikuwa kizuri zaidi, lakini hicho kilikuwa na mpangaji.

Nilimzoea yule mama haraka. Alikuwa mpole, mcheshi, anakuja kukaa kwangu mchana ananishonea vifungo. Lakini usiku alilala ameketi, mgongo ukutani, mto kifuani, kwa sababu akijinyoosha tu pumzi inakata. Usiku mzima unamsikia akivuta hewa kama anayepuliza moto wa kuni mbichi. Asubuhi ukimuuliza ameamkaje, anasema, "Alhamdulillahi, nimelala," na macho yake mekundu yanasema mengine.

Mwanawe mmoja, Dulla, anafanya kazi ya ghala Dar. Kijana hana makuu, ila mama yake anampenda. Siku moja akaja na boksi, ndani yake mashine nyeupe yenye ukubwa wa ndoo ya maji, ina vitundu pembeni na kitaa kimoja juu. Akatueleza kwamba hii inavuta hewa chafu, inachuja vumbi na moshi, inarudisha hewa safi. Kitaa kikiwa cha bluu hewa ni nzuri, kikiwa chekundu hewa ni mbaya na mashine itanguruma yenyewe mpaka imalize kuisafisha. Akapigilia ubao wa dari chumbani kwa mama, maana nyumba zetu hizi juu ya ukuta ni wazi, usingesafisha chumba bila kusafisha Kibiti nzima. Akaziba na nyufa za dirisha.

Usiku ule Bi Biasha alilala ubavu. Mie niliingia alfajiri kumtazama kwa hofu, kwa kuwa sikumsikia, nikadhani yamekuwa mengine. Nikamkuta amejikunja kama mtoto, kanga usoni, analala usingizi wa watu wengine. Nilisimama pale mlangoni nikafurahi mpaka nikaona haya kwa furaha yangu.

Nurdini naye alifurahi, kwa namna yake. Aliita watu kuja kuitazama. "Hii Ulaya kila nyumba inayo," akawaambia, mtu ambaye hajavuka Mbagala. Watu wakawa wanaingia chumbani kwa mgonjwa na viatu vyao na vumbi lao, kitaa kinageuka chekundu, mashine inanguruma, na yeye anaeleza, "Mnaona inavyofanya kazi?" Bi Biasha anakaa kitandani anatabasamu kama mama wa harusi.

Sasa, ili mwelewe kilichofuata lazima mjue ugonjwa wa Nurdini, maana na yeye ni mgonjwa. Hapa kwetu nyumba inayotumia umeme kidogo inauziwa uniti kwa bei ya chini sana. Ukizidisha matumizi unatolewa kwenye kundi hilo, unapelekwa kwenye bei ya juu, na hela ileile inakuletea uniti kiduchu. Watu wengi wako kwenye bei ya chini na hawana habari. Nurdini yeye alikuwa nayo kama cheo. Alitukataza wapangaji kununua pasi ya umeme, hita, hata redio kubwa. Alikuwa akisimama mbele ya LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, mikono nyuma, anakitazama kile kitaa kidogo kinavyokonyeza, na kikikonyeza kwa haraka anageuka kuuliza nani kawasha nini.

Aliyekuwa akiwasha ni yeye. Ana friza, kubwa la kulala, mtumba wa hoteli fulani iliyofungwa, mpira wa mlango umekatika na juu ameweka tofali ili ushike. Humo anagandisha maji kwenye vifuko vya nailoni, anawauzia barafu wachuuzi wa kamba wa baharini wanaoteremka Nyamisati. Linanguruma mchana na usiku, linavuja hadi koridoni. Hilo halikuwahi kuulizwa limewashwa na nani.

Mwezi ule akanunua umeme kwa simu, uniti zikaja chache. Akadhani mtandao. Akanunua tena, zikaja chache tena. Akaenda ofisini kwa wenye umeme, akarudi uso umemshuka, ameambiwa matumizi ya nyumba yake yamezidi, kwa hiyo yuko bei ya juu, apunguze halafu wataangalia. Alikaa barazani siku hiyo bila kumsalimia mtu. Yasmini, mkewe, mwanamke mwema asiye na sauti ndani ya nyumba ile, alimpelekea chai ikapoa. Nimeona watu wamefiwa wakiwa na nuru kuliko yeye.

Jioni akaingia chumbani kwa dada yake akasema, "Dada, hii mashine imenitoa kwenye uniti za chini."

Bi Biasha akasema, "Basi izime, mwanangu." Ndivyo alivyomwita, mwanangu, mtu ana mvi.

Mie nikampigia Dulla pale pale, nikaweka spika. Dulla akasema kwa adabu, "Mjomba, hiyo ikitulia haizidi taa ya chumbani. Ikinguruma sana ni kama feni. Kinachokula umeme hapo ni friza, na mpira wake umekufa, nitaleta fundi."

"Friza linaleta hela," Nurdini akasema. "Mashine inaleta nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anauliza bei ya nazi, na dada yake yuko kitandani anamsikia. Nikamwambia, "Inamletea dada yako usingizi." Akanijibu kwamba mpangaji asiingilie mambo ya ndugu. Tangu siku ile nikimpa shikamoo naitoa nusu, nusu nabaki nayo.

Hakuizima kabisa. Angeizima kabisa watu wangesema. Alianza kuipunguza, leo anaizima mchana, kesho anaizima na magharibi hadi isha, mgeni akibisha hodi anakimbia kuiwasha. Mtu anawashia wageni hewa. Bi Biasha naye akawa anamtetea. "Umeme ghali siku hizi, Zamda," ananiambia, huku mabega yanapanda na kushuka.

Kisha ikaja habari ya Alhamisi. Kwetu Alhamisi jioni, kuamkia Ijumaa, nyumba inafukizwa ubani. Yasmini anatia makaa kwenye chetezo, anazungusha vyumba vyote kuanzia ukumbini hadi stoo, milango imefungwa ili harufu ikae. Hakuna mtu Kibiti anayeuhesabu ubani kuwa ni moshi. Moshi ni wa kuni, wa pumba, wa tanuri la mkaa. Ubani ni ubani. Mwambie mtu kwamba ubani ni moshi, atakutazama kama umemtukania mama yake.

Mashine haikuwa na adabu hiyo. Chetezo kikiingia tu kitaa kinageuka chekundu na inanguruma kwa nguvu zake zote, mpaka kule ukumbini unaisikia. Alhamisi moja Nurdini akaisikia, akakimbilia LUKU, akakuta kitaa kinakonyeza kwa haraka. Friza nalo lilikuwa linanguruma wakati huohuo, kwa kuwa alikuwa ametoka kutoa barafu na kuweka maji mapya, lakini hilo hakulisikia. Akarudi ameshapata fatwa.

"Mashine hii inapigana na ubani," akasema. "Inafukuza baraka ya nyumba, na ndiyo saa inapokula umeme kuliko zote. Kuanzia leo Alhamisi isiwashwe."

Mnaona akili hiyo. Siku moja katika wiki ambayo chumba cha mgonjwa kinajazwa moshi kwa makusudi, milango imefungwa, ndiyo siku aliyoichagua. Na kwa kuwa alijua mie sitamsikiliza, kila Alhamisi alasiri alikuwa anaibeba mashine kwapani, anaifungia chumbani kwake, ufunguo mfukoni. Nilimwambia ubani ni moshi. Akacheka, akamwita Yasmini aje asikie maneno ya fundi cherehani.

Bi Biasha alivumilia Alhamisi ya kwanza na ya pili kwa kutoka nje na kukaa uani kwangu. Ile ya tatu kulikuwa na mvua. Nurdini alikuwa amekwenda hitima Chumbi na ufunguo wake. Upande wa mashine ya mpunga walikuwa wamechoma pumba mchana, mvua ikazifanya zifuke badala ya kuwaka. Yasmini akafukiza kama desturi, akaweka chetezo chumbani kwa wifi yake, akafunga mlango kwa heshima.

Kilichoniita ni kimya. Nilizoea kumsikia akikohoa, na sikusikia kikohozi. Nilipofungua mlango nikamkuta ameshika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili, midomo imekuwa ya kijivu, macho yananitazama na hayaombi kitu. Nilikitupa chetezo uani na makaa yake. Yasmini akapiga ukelele kwamba natupa ubani, halafu akamuona wifi yake, akaanza kulia, "Ufunguo kaondoka nao, Zamda, ufunguo kaondoka nao." Nikamwambia aachane na ufunguo, mtu akishabanwa hivi ile mashine si dawa, akimbie akaite bajaji. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani. Mifupa mitupu. Nilimtukana Nurdini njia nzima na dereva wa bajaji hakuniuliza ni nani.

Kituo cha afya walimpokea haraka, Mungu awalipe. Nesi akaleta mashine ya oksijeni, kubwa kama kabati dogo, inapiga kelele kuliko ile ya Dulla, akamtia mpira puani. Taratibu midomo ikaanza kurudi rangi. Nilikaa chini pembeni ya kitanda, nguo zimelowa.

Nurdini akafika baada ya isha, kanzu ya hitima ingali mwilini. Akasimama miguuni kwa dada yake. Nilisubiri aseme neno. Hata mie niliyemdharau nilidhani sasa atalia, atamshika mguu. Akamtazama dada, akaitazama mashine, akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani.

"Nesi," akasema, "na hii umeme wake nani analipa?"

Nesi alikuwa anaandika. Akasema, "Kituo kinalipa, mzee."

Nurdini akashusha pumzi. Nilimuona uso ukimlegea. "Basi akae tu," akasema. "Msimharakishe kumtoa. Akae hadi apone vizuri."

Bi Biasha alikuwa macho. Alikuwa anamtazama ndugu yake muda wote ule.

Asubuhi alikuja tena, na chupa ya chai aliyoitengeneza Yasmini. Mpira wa puani walikuwa wameshautoa, mama ameegemea mto, anaongea kwa vipande. Mie nilikuwa nimeshazungumza naye na nimeshatafuta vyumba viwili kwa simu, upande ule wa juu mbali na barabara na mashine ya mpunga.

"Nurdini," akasema, "mie kwako sirudi. Nakwenda kukaa na Zamda."

Sasa hapo mtu angeuliza kwa nini. Mtu angesema watu watanionaje, na hata hilo ningelipokea. Nurdini akamimina chai kwenye kikombe, akakizungusha, akasema, "Na ile mashine? Maana mle chumbani kwangu inakula nafasi tu."

Sauti ya Bi Biasha haikuwa na hasira hata kidogo.

"Iuze," akasema. "Ununue uniti."

Nilitaka kucheka. Nilijua hilo ni kofi, nikasema leo amepigwa na aliyemlea. Nikamtazama nione atakavyoinamisha kichwa. Nurdini akanywa funda la chai, akasema, "Haya dada, kama umeridhia mwenyewe."

Tulihama wiki hiyohiyo. Cherehani ilibebwa na mkokoteni, Bi Biasha na bajaji, na mwenye nyumba hakutoka kutuaga, alikuwa anapakia barafu. Vyumba vyetu vipya ni vya udongo na bati chakavu, ila upepo wake ni msafi, na ubani tunatia uani, kila mtu anausikilizia kwa mbali. Mama anapumua afadhali. Bado usiku anaketi. Dulla alisema kwa simu ataleta nyingine akijaliwa, ya kwanza aende mjomba nayo salama, akakata simu haraka.

Mashine ilinunuliwa na mwenye gesti ya barabarani, ameiweka mapokezi. Nurdini mwenyewe alitangaza barazani, akaongeza kwamba dada yake alimpa kwa radhi zake, tena mbele ya shahidi. Shahidi ndiye mie. Uniti akanunua, wakamwambia bado yuko bei ya juu kwa sababu ya matumizi, na friza bado linanguruma palepale. Habari hizo nilizikusanya sokoni, nikaja nazo mbio kumpelekea Bi Biasha, nimejawa na kicheko, nikidhani na yeye atacheka.

Alikuwa anachambua mchele. Akausogeza ungo pembeni, akafunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani amebanwa, nikainuka kutafuta dawa yake. Akanishika mkono nikae.

"Nilimwambia vile ili akatae," akasema.